Elvi Kangas na Namba za Reino

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto. Kama unaondoa theluji mlangoni, weka sepetu chini kidogo, theluji haiendi popote. Leo tunamkumbuka Elvi Kangas. Mliosoma shule yetu hapa Eveleth mlimwita mama wa mikate. Alifariki Jumatatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mbili. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Elvi Kangas, mpishi wa shule, amefariki Jumatatu.

Wengi wenu mnadhani mnamjua. Hata mimi nilidhani hivyo. Nimekula mikate yake miaka tisa. Lakini kisa nitakachowasimulia nimekisikia wiki hii kutoka kwa binti yake, Joanne, na kutoka kwa rafiki yake Bernice Maki. Tangu nikisikie sijui nicheke au nilie, kwa hiyo mkinisikia nababaika, mnisamehe.

Elvi alipika shuleni miaka thelathini na mmoja. Kila siku ya kazi aliamka saa kumi alfajiri kwenda kukanda unga, majira yote, hata baridi ilipogandisha kope. Mume wake, Reino, alikuwa dereva wa lori kubwa kwenye mgodi wa chuma. Reino alikuwa mtu wa maneno machache. Na tuseme ukweli, kwa sisi watu wa huku, mtu akiitwa wa maneno machache, basi jamani, ni machache kwelikweli!

Mwaka 1982 Reino alinunua deki ya video. Kuanzia hapo, kwa miaka kumi na mitano, alirekodi filamu za televisheni. Sizungumzii filamu za sinema. Nasema zile zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, zinaonyeshwa jioni moja, kesho watu wanazizungumza kazini, keshokutwa zimesahaulika. Lifti imekwama na watu kumi ndani. Mwalimu anagundua mumewe ana familia nyingine mji wa pili. Daktari anasingiziwa kuua. Mnazikumbuka?

Reino alikaa kwenye kiti chake, rimoti mkononi, na kazi yake ilikuwa moja: matangazo ya biashara yasiingie kwenye kanda. Tangazo likianza, kidole kinabonyeza. Filamu ikirudi, kidole kinabonyeza. Joanne anasema alikuwa haruhusiwi kumsemesha baba yake filamu ikiendelea, utadhani baba anampasua mtu moyo.

Na Elvi? Elvi alikaa kwenye kochi pembeni yake. Filamu zilianza saa mbili usiku. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri akakanda mikate ya watoto mia nne, saa mbili usiku ana nini tena? Alisinzia. Kila filamu alisinzia. Asubuhi akiwa anavaa koti alimuuliza mumewe, "Reino, ile filamu iliishaje?"

Reino alijibu, "Iliisha."

Basi. Miaka kumi na mitano, wasikilizaji. "Iliishaje?" "Iliisha." Mwisho Elvi aliacha kuuliza.

Reino alifariki mwaka 1997, mapafu. Elvi aliendelea na kazi hadi 2004. Kanda zilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, ndani ya maboksi, kanda mia mbili na kumi na mbili. Nazirudia: mia mbili na kumi na mbili. Elvi hakuzigusa. Alikuwa akimwambia Joanne, "Baba yako alioa televisheni. Mimi nilikuwa mgeni wao." Alilisema kwa kucheka, lakini Joanne anasema kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Mwaka 2019 Elvi alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Akawa hatoki nyumbani, msimu mzima wa baridi. Joanne aliona mama anazeeka kwa kutazama dirisha. Akashuka chini, akapandisha deki ile ile ya Reino pamoja na boksi moja la kanda.

"Haya ya nini, mwanangu?" Elvi aliuliza.

"Ya kukupotezea muda, Mama."

"Muda wangu umebaki kidogo, wewe unataka tuupoteze tena?"

Lakini alitazama. Filamu ya kwanza ilikuwa ile ya lifti. Elvi alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Nywele za wale wanawake, loo, zilijaa fremu nzima! Simu zenye waya, mtu anazunguka nazo chumba kizima anajifunga kama nyuzi za kufumia. Waigizaji ambao alidhani amewasahau, hao hapo, vijana, meno meupe. Elvi akampigia simu Bernice Maki. Bernice akaja na mkate mtamu wa iliki. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wanne wa kanisani. Ikawa kila Alhamisi mchana, kahawa na filamu.

Kulikuwa na tatizo la kuchekesha. Filamu zile zilitengenezwa zikatikekatike. Kila baada ya dakika kumi na mbili muziki unapanda, mama mmoja anapiga ukelele, picha inazima. Hapo ndipo matangazo yalipokuwa. Reino ameyatoa yote, kwa hiyo kabla hujashusha pumzi, picha imerudi na mama yule hajambo.

"Aa, hapana," Bernice alisema. "Huyu marehemu ametunyima kuogopa. Simamisha!"

Wakawa wanaisimamisha wenyewe. Anayekwenda msalani anakwenda, anayemimina kahawa anamimina, na wote wanabishana muuaji ni nani. Elvi alinenepa ule msimu. Alipendeza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ndipo penye shida. Kwenye kila kanda Reino aliandika jina la filamu na mwaka. Chini yake aliandika jina la mke wake, na namba. Elvi 1140. Elvi 872. Elvi 215. Kanda baada ya kanda. Elvi hakuwahi kuzishika hizo kanda mume wake akiwa hai. Ndiyo kwanza anaona jina lake limeandikwa mara mia mbili kwa mkono wa Reino.

"Hizi alama za nini?" aliuliza.

Joanne alidhani ni mpangilio wa maboksi. Haikuwa hivyo, namba zilirukaruka. Bernice akasema labda ni namba za bahati nasibu. Mwingine akasema ni mikate, alikuwa anahesabu mikate. Walicheka. Elvi hakucheka.

Siku moja wageni walipoondoka alimwambia Joanne, "Mimi najua ni nini. Alikuwa akiandika makosa yangu."

"Mama, makosa elfu moja mia moja na arobaini kwa jioni moja?"

"Humjui baba yako. Hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Mtu asiyegombeza anaweka wapi hasira zake?"

Joanne alimwambia aache upuuzi. Hakuacha. Alichukua kalamu akaanza kukumbuka. Mwezi wa tatu 1986, Elvi 215, nilifanya nini? Nilimwunguzia shati? Novemba 1990, Elvi 2304, ndiyo kubwa kuliko zote. Mungu wangu, nilimkosea nini Novemba 1990? Alilala na kuamka na swali hilo. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na sasa hajui kama aliyekuwa akikaa naye alimpenda au alimvumilia. Fikiria kujiuliza hilo ukiwa na miaka karibu themanini, na wa kumuuliza hayupo. Mimi ningechoma maboksi yote. Elvi hakuchoma. Aliendelea kutazama, kila Alhamisi, anatafuta kosa lake ndani ya filamu.

Jibu lilikuja Alhamisi moja ya mwezi wa pili, na halikuletwa na mtu mwenye akili sana, kwa maneno ya Bernice mwenyewe, kwa sababu aliyelileta ni yeye.

Walikuwa wakitazama filamu ya daktari anayesingiziwa. Elvi alikuwa akiwasimulia mbele: sasa nesi ataficha barua, sasa mke atagombana na shemeji. Bernice alikasirika.

"Elvi we, si utuache tuone! Kama unaijua, kaa kimya."

"Naijua. Niliitazama na Reino."

"Basi muuaji nani?"

Elvi aliisogelea televisheni. "Sijui," alisema. "Kuanzia hapa siijui. Huyu mtu aliyeingia sasa hivi, sijawahi kumwona."

Bernice aliinuka kwenda kusimamisha deki ili wabishane vizuri. Deki ile ina kidirisha kidogo chenye namba zinazopanda kanda inavyozunguka. Bernice aliinama, akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma bei sokoni, "Elfu moja mia moja na thelathini na nane."

Kisha akachukua ganda la kanda. Elvi 1140.

Bernice anasema kahawa ilipoa mikononi. Walichukua kanda nyingine wakaipeleka mbele hadi namba yake. Elvi akatazama kidogo. Hapa siijui. Nyingine. Hapa siijui. Ile ya 215 alikuwa haijui kabisa, ila majina ya waigizaji tu. Ile ya Novemba 1990 waliipeleka mpaka 2304, na hapo palikuwa ndipo mwisho wa filamu. Siku hiyo shule ilikuwa imefungwa kwa theluji. Alilala mchana. Usiku aliweza kuitazama yote.

Reino alikuwa akiandika mahali mke wake aliposinzia.

"Kwa nini hakusema?" Elvi aliuliza. Alimuuliza Bernice, akamuuliza Joanne kwenye simu, akaiuliza deki. "Si angesema tu? Ningejua! Angeniambia, Elvi, mwisho wako nimekuwekea. Maneno manne! Nilikaa miaka ishirini na mbili juu ya maboksi hayo nikidhani ni ya kwake!"

Joanne anasema mama alikuwa na hasira ya kweli wiki nzima, akigonga milango ya makabati. Kisha akaketi. Akaanza kutazama miisho, mmoja mmoja. Alianzia pale penye namba. Kila ilipokwisha alisema, "Haya, Reino. Iliisha."

Kanda ya mwisho aliyorekodi Reino ilikuwa ya Februari 1997. Ndege ndogo imeanguka mlimani, mama na binti wa kambo wanashuka kwa miguu. Kanda hiyo haikuwa na jina la Elvi wala namba. Waliiweka. Filamu ilikwenda safi, imekatwa vizuri. Halafu ghafla likatokea tangazo la sabuni. Likaja la magari. Likaja la supu ya kopo. Katika kanda mia mbili na kumi na mbili, hayo ndiyo matangazo ya kwanza.

Wanawake walishangilia. Elvi alinyanyua mkono wanyamaze.

"Alisinzia yeye," alisema. "Alikuwa na ile mashine ya hewa. Mimi nilikuwa macho, namwangalia anavyopumua. Hii niliiona hadi mwisho. Yeye hakuiona."

Akasoma kidirisha. Akaomba kalamu. Akaandika kwenye ganda: Reino 940.

Kesho yake alimlazimisha Joanne ampeleke makaburini, na chuma chake cha kutembelea, theluji hadi magotini. Alisimama mbele ya jiwe la mume wake akaanza kumsimulia. Kwa sauti. Kwa sababu Reino, masikio yake, mnakumbuka, mgodi uliyaharibu.

"Mama, watu wanatusikia," Joanne alisema.

"Wasikie. Reino! Walishuka salama. Yule binti alimwita mama, mwishoni, hatimaye. Halafu walikwenda mahakamani, na jaji akasema hana hatia, na wote wakalia."

Wasikilizaji wapendwa, filamu ile haina jaji. Haina mahakama. Mwisho wake wanaokotwa na mtu wa kuzoa theluji barabarani, na picha inazima. Jaji ni wa filamu ya daktari. Joanne aliitazama kanda hiyo siku moja tu kabla. Aliniambia, "Nilijua amechanganya. Nikamshika mkono, nikanyamaza."

Narudia: Elvi Kangas amefariki Jumatatu, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na mbili. Miisho aliyoitazama ni mia moja na sitini na tatu. Ibada ni Jumamosi saa tano asubuhi, kanisa la Kilutheri, kisha chakula ukumbini; mwenye bakuli la viazi na nyama alilete likiwa limefunikwa. Joanne, na wote wa nyumba ya Kangas, poleni sana. Bernice, pole, mama. Kituo chetu kinalia pamoja nanyi.

Nawaomba jambo moja kabla sijawaachia muziki. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa maneno machache, leo muulize kitu. Muulize mara ya pili akijibu kwa neno moja. Na wewe uliye wa neno moja, jamani, ongeza la pili, halitakuua.

Elvi atazikwa ubavuni mwa Reino. Joanne ameomba mtu yeyote atakayefika pale Jumamosi asimsahihishe mama yake kuhusu jaji. Anasema Reino amekwisha kuambiwa mwisho, na ndio huo.