Bega la Kulia la Mdogo Wangu Radi

Ndugu, jamaa, majirani na wanamichezo mliokuja kumsindikiza, nasimama kwa niaba ya familia, ingawa mimi kaka mtu nilistahili kukaa nyuma kabisa, na mkinivumilia mtajua kwa nini.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Radi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1986, kitinda mimba katika watoto wanne, akaanza shule ya msingi mwaka 1994 na sekondari mwaka 2002, ambako hisabati ilimpiga chenga lakini mpira wa wavu ulimnyookea, akawa anapiga mpaka walimu wa mstari wa mbele wanahamisha viti, na mama akasema huyu mtoto ana ugomvi na mipira.

Februari 2007 aliajiriwa na kiwanda cha rangi, mtunza ghala siku za kazi, mshambuliaji wa timu ya kiwanda mwisho wa juma, timu ambayo mimi nilikuwa mchuaji wake, sina cheti, nina chupa ya mafuta na sifa tu.

Jumamosi, tarehe 6 Juni 2009, seti ya nne, aliruka kupiga, mkono ukagongana na wa mzuiaji, bega likachomoka, nami nikamlaza, nikamwekea mguu kwapani, nikavuta mpaka likarudi, uwanja ukapiga makofi, akarudi kucheza, na siku ile nilijiona mfalme. Kesho yake daktari wa mifupa alimpiga picha, akamfunga mkono kwa kitambaa shingoni, akataka wiki tatu za kupumzika, kisha miezi minne ya mazoezi ya kukaza misuli, akatuonya kwamba bega la kijana lisipopumzishwa hujifunza njia ya kutokea. Siku ya tano nilimvua kile kitambaa kwa mikono hii mnayoiona, kwa sababu kulikuwa na nusu fainali. Tulishinda, jamani.

Tarehe 15 Desemba 2012 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2016, ambaye baba yake alimbeba siku zote upande wa kushoto.

Ugonjwa wake ulikuwa ni bega hilohilo, lililochomoka akivaa shati, akichukua sufuria kabatini, hata usingizini, na kila mara aliniita, nikavuta, tukacheka. Mara kumi na moja. Daktari alisema mara mbili kwamba nyama ngumu inayozunguka tundu la bega imechanika, ishonwe, nami nikamwambia mdogo wangu asihangaike na visu vya hospitali na mimi nipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini mimi ufa niliuita mazoea. Januari mwaka huu wa 2024 shemeji alimpeleka mwenyewe, kwa siri, wakijua nitamkatisha tamaa, akapangiwa upasuaji tarehe 14 Machi.

Jumanne, tarehe 5 Machi, saa nne asubuhi, alikuwa juu ya ngazi ghalani, akanyoosha mkono wa kulia kushusha makopo, bega likachomoka, akaanguka, kichwa kikatangulia kwenye saruji. Wenzake wanasema alipokuwa bado na fahamu alirudia neno moja tu, mwiteni kaka alirudishe, na mimi nilifika mbio na chupa yangu ya mafuta mfukoni, mjinga mimi. Alifariki saa nane mchana hospitalini, akiwa na miaka thelathini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule daktari wa mifupa tuliyempuuza miaka kumi na mitano na bado amekuja leo, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliombeba. Shemeji, kwako sina shukrani inayotosha, wala sina uso wa kuomba msamaha.

Jana tulipomvisha, bega lilikuwa bado nje. Mikono yangu ilinituma nilivute, nikaizuia. Lala hivyohivyo, mdogo wangu, pumzika, hakuna tena atakayekurudisha uwanjani.