Mama Sababu Anakabidhi Kalamu Nyekundu

Tarehe 30 mwezi huu, Mhariri Mkuu wa jarida letu la utafiti wa kilimo anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Sote tunamwita Mama Sababu. Wanawe wanasema hata nyumbani hakuna aliyewahi kunyimwa ruhusa ya kutoka bila kupewa maelezo ya kutosha.

Alianza kazi hapa akiwa mtafiti chipukizi wa wadudu wanaotoboa maharage ghalani. Makala yake ya kwanza aliipeleka kwenye jarida jingine, ikarudi na neno moja tu: haifai. Kwa nini haifai, hajaambiwa mpaka leo. Alipohamishiwa uhariri akaweka utaratibu wake: hapa makala haikataliwi bila mwandishi kuelezwa sababu. Mhakiki aliyeandika "dhaifu" na kuishia hapo alipigiwa simu. Asipopokea, alifuatwa. Daktari mmoja wa mifugo alikuwa akimwona tu kwenye korido anakimbilia chooni, naye Mama alimsubiri mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

Vijana wengi waliingia ofisini kwake wamenuna, wakatoka wakijua makala yao inaumwa wapi. Baadhi yao leo ni maprofesa, na bado wakiona wino mwekundu wanashtuka.

Kitu kimoja kiliendelea kumkereketa. Ile makala ya maharage aliiandika upya, akaiongezea vipimo vya misimu mingi, lakini alishikilia kwamba mhariri hajichapishi mwenyewe. Ikabaki kabatini. Mwaka huu Mkurugenzi, kwa nia njema kabisa, akaagiza iingizwe kwenye toleo lake la mwisho kama zawadi ya kumuaga, bila kupitia kwa wahakiki. Mpangaji kurasa akaipanga kimyakimya. Mama Sababu akakutana nayo kwenye nakala za kusahihisha, akaikata yote kwa wino mwekundu, kisha akapanda ghorofani. Alimuuliza Mkurugenzi kama angekubali kumeza dawa isiyopimwa kwa kuwa tu mfamasia anastaafu. Mkurugenzi mwenyewe ndiye anayetusimulia kisa hiki, na hucheka sana. Siku ile hakucheka. Kurasa zile zilijazwa tangazo la mkutano.

Alipomkabidhi msaidizi wake ofisi na kuanza likizo ya kustaafu, aliituma makala kama mtu mwingine yeyote, jina limefichwa. Tulikaa roho juu. Kukataliwa mara moja ujanani kunasahaulika. Safari hii angekataliwa na jarida alilolilea mwenyewe. Majibu yakaja. Mhakiki wa kwanza aliipitisha. Wa pili aliandika neno moja: haifai.

Mhariri mpya, yule yule msaidizi wake, akainua simu palepale na kumweleza mhakiki, kwa adabu zote, kwamba hapa neno hilo halipokelewi likiwa peke yake. Jana sababu zimefika, kurasa mbili nzima, na ni za haki: jedwali la tatu halisomeki, na vipimo vya unyevu vina mapengo. Yote yanarekebishika.

Mama Sababu, asante kwa kutufunza kazi. Tunakutakia maisha mema, afya njema na usingizi wa mchana usiokatizwa na simu za waandishi. Ndani ya kifurushi cha zawadi utaikuta makala yako, imejaa wino mwekundu. Irekebishe, utuletee.