Shangazi Mikanda na Ahadi ya Kilo Kumi na Nane

Shangazi Mikanda anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi na moja jioni, baada ya kulitumikia duka letu la vitu vya watoto kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka ishirini na miwili ya hiyo amekaa kaunta ya malalamiko, ile iliyo pembeni ya vitanda vya watoto, chini ya feni isiyozunguka. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara peke yao. Sisi wengine wote, hata mumewe akipiga simu ya duka, tunamwita Shangazi Mikanda.

Alianza na ufagio. Mwaka haujaisha akapewa kuuza chupa za kunyonyea, halafu vigari vya kusukuma. Huko aliweka rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa: alimuuzia bwana mmoja mwenye mtoto mmoja kigari cha mapacha. Mwaka uliofuata yule bwana akarudi kumshukuru.

Lakini Shangazi tunayemjua ni wa viti vya watoto vya gari. Kiti kikiingia dukani, yeye ndiye anakikagua mkanda, kifungo, sponji na plastiki ya chini. Alikuwa na msaidizi wake, gunia la mchanga la kilo kumi na nane kamili, kalivalisha sweta ya pinki na kofia. Analifunga kwenye kiti, analitikisa mpaka jasho limtoke. Siku moja akalisahau ndani ya gari la duka, mchana, jua la kukaanga yai. Wapita njia wakajaa, wanapiga yowe mtoto anakufa. Jasiri mmoja akavunja kioo kwa jiwe, akamvuta "mtoto", akampulizia pumzi mdomoni. Alipotema mchanga, umati ukatawanyika kimya kimya kama watu waliokuwa wanapita tu. Shangazi akamletea maji ya kusukutua na akamsifu sana kwa moyo wake, ila alimwambia mgonjwa huyo hatapona.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Viti vyetu vina waranti ya miaka miwili. Kila mzazi anaijua, kwa sababu imeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini pembeni ya kiti kuna karatasi nyingine imebandikwa: kuanzia kilo tisa mpaka kilo kumi na nane. Kwa Shangazi, hiyo ndiyo ahadi. Anasema waranti inakuonyesha kiwanda kinajiamini kwa muda gani, na kilo zinakuonyesha kiti kilisema kitabeba nini. Na mtoto gani atatoka kilo tisa afike kumi na nane kwa miaka miwili? Labda awe anakula sahani moja na baba yake.

Kwa hiyo mzazi akija na kiti kilichoharibika mwaka wa tatu, au wa nne, Shangazi haanzi na risiti. Anaanza na mizani. "Mlete mtoto tumwone." Mtoto anapandishwa, analia, anashushwa. Kama ana kilo kumi na tano, Shangazi anaandika kwenye fomu: bado tatu. Kama kiti kimeharibika chenyewe, kitatengenezwa au kitabadilishwa, basi. Mama mmoja aliwahi kumwambia na yeye apande mizani waone. Shangazi akajibu kwamba mashine ile haijazoea wakubwa zake.

Msidhani alikuwa mlaini. Ana mkasi mkubwa wa kukatia mazulia, na viti vingi vimekutana nao. Baba mmoja alileta kiti cha miaka kumi na moja, kimelea watoto watano, anataka kibadilishwe kifungo ampe mtoto wa dada yake. Shangazi akakigeuza, akamwonyesha tarehe iliyogongwa kwenye plastiki ya chini, kwamba muda wa kiti chenyewe umepita zamani, na plastiki imeanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. "Baba, hiki kimeshafanya kazi ya babu. Kiache kilale." Kacha, kacha, mikanda chini. Yule baba alitokwa na machozi, akaomba abaki na kipande cha mkanda. Akapewa. Kiti kilichopata ajali ndiyo kabisa, hata kama kimenunuliwa wiki iliyopita na kinang'aa. Kikishamwokoa mtoto mara moja, kimemaliza kazi yake, kinakatwa kwa heshima zote.

Miaka miwili iliyopita tukaletewa Meneja mpya. Ni kijana safi, mpole, anavaa tai kila siku, ametokea duka la magodoro. Kwenye magodoro huko, nadhani, mteja akilalamika anaambiwa akalale. Meneja akabandika tangazo ukutani: BAADA YA WARANTI HATUPOKEI MALALAMIKO. Halafu mwaka huu akatutangazia kwamba Shangazi akistaafu, kaunta yake itang'olewa, pale patawekwa mdoli wa tembo mkubwa wateja wapige naye picha. Tembo alikuwa ameshaagizwa.

Shangazi hakugomba. Alichukua fomu yake ya kustaafu, akaifungia kwenye droo bila kuisaini. Wiki ya kwanza Meneja akamkumbusha. Wiki ya pili akamkumbusha tena, kwa sauti ya chini. Wiki ya tatu akaja na kalamu yake mwenyewe. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, sijui nimwachie nani hawa watoto." Yeye kustaafu hakumtishi. Kilichomtisha ni kwamba siku ya pili yake mama atakuja na kiti kibovu, atakutana na tembo.

Basi, Jumamosi moja, duka limejaa, akaingia mama amebeba kiti mikononi. Ndani ya kiti kuna mtoto. Kifungo kimegoma kufunguka, kwa hiyo amekuja na vyote viwili. Meneja akawahi mbele. Akasoma risiti, akasema kwa upole wote, "Mama, pole, waranti imeisha siku kumi na moja zilizopita."

"Haya, basi mwambie mtoto atoke mwenyewe," mama akasema, "maana mimi nimeshindwa tangu asubuhi."

Meneja akaeleza kwamba huenda mtoto amemwaga makombo ya biskuti kwenye kifungo, na hilo ni kosa la mtumiaji. Ili kuthibitisha, akachomoa kiti kipya cha aina ile ile kwenye boksi, akapiga magoti mbele ya watu wote. "Ona mama, unaingiza taratibu, unasukuma." Kifungo kikalia ka! Na tai ikiwa ndani.

Akabonyeza, kimya. Akabonyeza kwa vidole gumba viwili, kimya. Watu husema kufa na tai shingoni. Siku ile nusura tuone kwa macho. Mtoto aliyefungwa na Meneja aliyefungwa wakabaki wanatazamana, pua kwa pua, na mtoto akamhurumia, akamchomekea biskuti mdomoni. Hapo hapo simu yake ya mfukoni ikalia, makao makuu wanapiga. Meneja akapokea akiwa vile vile. "Ndiyo bosi," akasema na biskuti mdomoni, "niko chini kabisa huku na wateja."

Shangazi akaja na spoki ya baiskeli aliyoinyoosha, ndiyo bisibisi yake. Akaanza na mtoto. Meneja akanong'ona, "Shangazi, na mimi."

"Subiri, bosi. Huyu ana kilo kumi na nne. Wewe umeshavuka."

Mtoto akatoka, akakimbilia vitanda. Kisha Shangazi akapita kwenye droo, akarudi na mkasi. Meneja akapauka. Akalia kwamba ile tai kapewa na mama mkwe, na mama mkwe anakuja Jumapili. Shangazi akauchezesha mkasi hewani kidogo, kiasi cha mtu kutubu dhambi zote, halafu akauweka mkasi chini na kufungua kwa spoki. Tai ikatoka salama, imekunjamana tu kama uso wa mwenyewe.

Halafu ndiyo akafanya kazi. Akafungua vifungo vyote viwili, akavitoa springi, akazipanga kaunta. Zote mbili nyembamba, zote zimepinda mahali pamoja. "Hiki kina miaka miwili na siku kumi na moja," akasema. "Hiki kina dakika ishirini. Ugonjwa mmoja. Sasa niambie, bosi, waranti imesaidia nini hapa?"

Meneja akainuka. Akaenda stoo mwenyewe, akatoa viti vyote kumi na tisa vya aina ile, akavifunga kwa kamba visiuzwe, akapigia simu kiwanda. Mama akaondoka na kiti cha aina nyingine. Jioni tangazo la ukutani halikuwepo. Hatukumwona aliyelibandua, ila kucha za Meneja zilikuwa na gundi.

Jumanne asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, Meneja akaja kaunta na ile kalamu yake. Shangazi akatoa fomu ya kustaafu. Kisha akatoa karatasi ya pili, kaiandika kwa mkono: kiti kilichoharibika chenyewe kitapokelewa kaunta hii mpaka mtoto afike kilo zilizobandikwa, kama hakijapata ajali na tarehe yake ya chini haijapita. Chini kuna nafasi ya sahihi ya Meneja. Meneja akasoma mpaka mwisho, akauliza, hii ni mpaka lini?

"Watoto wataacha kukua lini?"

Akacheka, akasaini. Shangazi akaichukua kalamu ile ile ikiwa bado ya moto, akasaini yake. Akampa keshia wetu, ambaye ndiye anashika kaunta kuanzia tarehe moja, aisome ile karatasi kwa sauti mara mbili, mbele yetu sote. Keshia alipomaliza, Shangazi akazunguka kaunta, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, upande ambao hajawahi kukaa kwa miaka ishirini na miwili. Akauliza kama kuna mtu wa kumhudumia. Tulikimbia wote.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kusoma karatasi ya pembeni. Asante kwa watoto wanaopita mtaani na miguu yao mirefu, hawajui hata kama wewe upo. Nenda kapumzike, lala mpaka jua likuchome, na ukiingia gari la mtu usimfungue kiti kukikagua kabla hujamsalimia. Afya njema, wajukuu wengi, na siku zako ziwe ndefu na tamu.