Unavuka Daraja?

Wasikilizaji wapendwa, Harlan Trauger hatunaye. Muuza bunduki wetu, mwenye duka la kona upande huu wa mto Delaware, huku Pennsylvania, amefariki kitandani kwake. Nasema kitandani kwa sababu mji huu kwa uzushi haujambo.

Harlan alikuwa mtu wa sheria. Ukitaka bastola, ulitoa kitambulisho, rekodi zako zikaangaliwa, ukasubiri jibu huku yeye akila pai ya molasi bila kukukaribisha. Kisha alikuuliza, "Unavuka daraja?" Aliwauliza hata waliofuata ndoana tu.

Swali hilo lina chanzo. Binti yake Renee, aliyekuwa nesi, alinunua bastola hapohapo kwa baba yake. Kibali cha kuibeba alikuwa nacho, cha Pennsylvania. Siku moja akavuka kwenda New Jersey kuweka maua kwenye kaburi la mama yake. Taa ya gari ilikuwa imeungua, polisi akamsimamisha. Renee akafanya kama tulivyofundishwa sote huku kwetu: mikono kwenye usukani, sauti ya upole.

"Afande, nina bastola kwenye mkoba. Kibali ninacho."

"Cha wapi, mama?"

"Pennsylvania."

"Shuka kwenye gari."

Kule ni jimbo jingine lenye sheria zake, na kibali cha huku hakitambuliki. Narudia: kibali cha huku hakitambuliki ng'ambo ya daraja. Kesi iliisha bila kifungo, ila kazi ya unesi ilikwenda na maji. Renee hakuvuka tena, hata kwa ajili ya kaburi la mama yake.

Jambo hilo lilimuuma Harlan. Dada yake, Arlene, anasema: "Aliniambia, 'Mtoto nilimuuliza yote yanayotakiwa na serikali. Sikumuuliza anakwenda wapi.'"

Akaweka vikasha vya chuma vyenye kufuli mlangoni pa duka. Anayevuka anafungia bastola yake humo na kuondoka na ufunguo. Bure. Na huyu ni mtu aliyetoza mpaka mfuko wa karatasi.

Jumamosi alizikwa kando ya mkewe, New Jersey. Msafara ulipitia dukani kwanza. Renee alisimama mlangoni akimuuliza kila mmoja, "Unavuka daraja?" Wanaume wazima wakachomoa bastola ndani ya suti za msiba. Jirani yao Dale alitoa mbili, Renee akamuuliza:

"Ya pili ya nini, wewe?"

"Ya kwanza ikigoma."

Watu wakacheka, na Renee pia. Vikasha vilipojaa, Arlene akamshika mkono.

"Na wewe, mwanangu? Unavuka?"

"Mimi sina hata kisu, shangazi."

"Sijakuuliza una nini."

Renee aliliangalia daraja. Akafunga duka la baba yake, akatia ufunguo mfukoni.

"Navuka. Twende upesi, nisije nikaghairi."

Renee, Arlene, poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Na wewe unayenisikiliza ukiwa garini, na bastola iko hapo pembeni yako, punguza mwendo kidogo ufikiri. Harlan hayupo tena wa kukuuliza.