Kizingiti cha Chumba cha Mama

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Niwieni radhi, nitasema nimekaa, maana nikisimama miguu hujiamulia yenyewe.

Wengi wenu hapa Mtongwe mwanijua. Nilikuwa muosha maiti. Akifa mwanamke, naitwa. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Siku moja nikimwagia maiti maji, kata ikaniponyoka ikampiga usoni. Binti wa marehemu akapiga kelele. Wakasema nimepandwa na pepo. Mwenzangu niliyekuwa nikiosha naye akanambia, "Dada, kaa nyumbani. Watu waogopa." Nikakaa. Nililia hata machozi yakawa hayaji tena.

Daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Dawa zilinisaidia, kisha zikaacha kunifaa. Ndugu zangu wakauza shamba la minazi, nikapasuliwa. Na nilikuwa macho, jamani! Kichwa chatobolewa nami nasikia, daktari anambia, "Mama, inua mkono." Waya zikaingizwa ubongoni, betri ikawekwa hapa kifuani, chini ya mtulinga, mfupa huu wa bega. Mkono ukatulia. Nikadhani nimepona.

Lakini miguu, wapi! Kila nikifika mlangoni hunata sakafuni. Daktari hakunificha: kwangu mimi, mashine ile ilituliza mkono, miguu haikuifungua.

Ndipo mama yangu akafa. Alikuwa ameniusia nimuoshe mimi. Nikafika mlango wa chumba alicholazwa, miguu ikagoma. Maji tayari, sanda imekatwa, wanaume wangoja nje na jeneza. Wanawake wakanivuta mikono, nikaanguka. Mmoja akanong'ona, "Maiti amemkataa." Wallahi, nilitamani nilazwe pale pale kando yake.

Mwenzangu yule akatoka ndani, mikono yachuruzika maji. Akaniinua, akautia mguu wake mbele ya wangu, ukalala kama gogo njiani. "Usitazame mlango, dada. Ruka mguu wangu." Nikaruka. Akatia tena, nikaruka. Nikamuosha mama yangu, mkono umetulia.

Bado naanguka. Juzi nimeanguka chooni, na hili jeraha mwaliona. Ugonjwa haujaondoka wala hautaondoka. Nawashukuru ndugu zangu na daktari, Mungu awalipe. Na nyinyi wenye mgonjwa nyumbani, nawaomba, msimvute. Akikwama, mtilieni mguu mbele mumngoje. Wala msinong'one, kwani twasikia yote.

Mwenzangu yule sina la kumlipa. Nimemuusia tu kwamba siku yangu ikifika, inshallah, anioshe yeye.