Shangazi Aliyeziamsha Seli Zilizogoma

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtafiti mwandamizi wa kitengo chetu cha kinga ya mwili anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Jina lake lipo kwenye majarida ya sayansi, anayelitaka akalitafute huko. Hapa kazini, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Shangazi, kwa sababu anakemea kama shangazi, na akishamaliza kukemea anakuuliza kama umekula.

Alianzia katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Friji ilikuwa moja, na hadubini ilibidi ipigwe kofi ndipo taa yake iwake. Humo ndimo alimozipenda seli uaji asilia, na mapenzi hayo hayajapoa. Kwa wenzetu wa idara ya fedha, ambao kila mwaka huuliza hizo ni nini: ni chembe za damu zinazozunguka mwilini zikikagua seli nyingine moja moja. Seli yenye kitambulisho cha mwili huachwa ipite. Iliyokitupa, kama zifanyavyo seli nyingi za saratani, huuawa papo hapo. Shida ni kwamba walinzi hawa husinzia kazini. Shangazi alihangaika miaka mingi akitafuta namna ya kuwaamsha ndani ya panya, mpaka akaipata: sindano ndogo ya protini, na seli zinaamka zina njaa.

Mumewe ametuibia siri kwamba nyumbani panya akikatiza jikoni, mtaalamu wetu hupanda juu ya kiti. Shangazi hakani. Anasema panya wa maabara anawajua mpaka babu zao, lakini huyo wa jikoni hajulikani katoka wapi.

Mwaka alipochapisha matokeo yake, maabara moja kubwa kuliko yetu ilirudia jaribio isione kitu. Mkuu wake, profesa mwenye sauti ya kujaza ukumbi, akasimama mkutanoni akasema matokeo hayo hutokea mikononi mwa mama huyu peke yake. Kwa watu wa sayansi hilo ni tusi lenye adabu: ama umekosea, ama umepika. Jarida likamtaka athibitishe, la sivyo makala ifutwe. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa inaponyoka.

Akapiga moyo konde, akaenda kufanya jaribio hukohuko kwa profesa, mbele ya macho yao, nami nikiwa mbeba mizigo wake. Likashindikana. Seli zilizotolewa kwenye bandama za panya wao zilikaa na seli za saratani kama majirani wema. Shangazi aliingia msalani, akatoka na macho mekundu, wala hakujificha. Kisha akaomba akae kwenye chumba cha panya, atazame tu.

Akaona. Kule panya walikuwa wakikamatwa mkia, wakining'inizwa, ndipo wakihamishwa kizimba. Kwetu hakuna anayethubutu. Tangu enzi za stoo, Shangazi hutaka kila panya aingie mwenyewe kwenye kibomba cha kadibodi, kile kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, ndipo abebwe nacho. Tulidhani ni huruma zake tu. Kwenye makala tuliandika aina ya sindano, joto la maji na umri wa panya, lakini namna ya kuwashika hakuna aliyekumbuka kuitaja, hata yeye. Kumbe panya mwenye hofu hutoa homoni zinazozilaza seli uaji, na sindano haifui dafu. "Wewe mwanangu, ungebebwa kwa mguu kichwa chini kila asubuhi, kazi ungeifanya?" akamuuliza mtaalamu mmoja pale, naye akacheka kwa aibu.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho. Watu wazima wenye shahada tatu tatu walipita vyoo vyote vya jengo wakikusanya vibomba. Panya wakagawanywa, hawa wa mkia, hawa wa kibomba, na walipokwisha kuzoea, wote wakachomwa sindano ileile. Profesa mwenyewe akaficha alama za sampuli ili asiwepo wa kupendelewa. Alama zilipofunuliwa, seli za panya wa vibomba zilikuwa zimeifyeka saratani, na za panya wa mkia zimelala fofofo. Nilipiga kelele isiyofaa maabara. Profesa, na hapa nampa heshima yake, alisoma matokeo kwa sauti ileile ya kujaza ukumbi, kisha akamgeukia: "Shangazi, nimenyoosha mikono."

Makala ikabaki, ikiwa na aya mpya kuhusu vibomba. Leo kitengo kina jengo lake, na waliofundishwa na Shangazi wanaongoza maabara zao wenyewe, wakiwakemea wengine kwa maneno yake.

Lakini lililotufurahisha kupita yote lilitokea mwezi uliopita. Maabara ya mbali, ambayo Shangazi hajawahi kuikanyaga wala haimjui hata mmoja wetu, ilirudia jaribio kwa kusoma makala tu. Seli zikaamka. Alipopata habari hiyo alivua koti lake jeupe, akasema sasa anaweza kwenda.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila karipio, na tunakutakia afya, usingizi mnono na miaka mingi ya kucheka na wajukuu. Nenda kwa amani. Kazi yako imeshajua kusimama bila wewe. Sisi ndio bado.