Mama Uzi Anawaaga Majedwali Yake

Tarehe 30 Juni, Mama Uzi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika idara ya kupanga kurasa ya kiwanda chetu cha uchapaji. Wengi mlioalikwa leo hamumjui kwa sura, maana kazi yake haiandikwi jina. Lakini kama umewahi kusoma ratiba ya mitihani, au jedwali la chanjo ukutani, na macho yako hayakupotea njia, basi umeshakutana naye.

Alikuja kwetu akiwa msichana mkaidi, mwenye jicho kali kuliko sindano. Wapangaji wengine walizoea kuzungushia kila namba sanduku jeusi. Yeye aliipunguza mistari unene mpaka ikawa kama utando wa buibui. “Namba zimekosa nini mpaka mzifunge jela?” alikuwa akituuliza. Ndipo tukambandika jina la Mama Uzi, wakati huo hata mtoto hana.

Huko chini, kwenye chumba cha mtambo, alikuwepo fundi asiyeupenda uzi huo hata kidogo. Mtambo ulikuwa umechoka, karatasi ilikuwa ya kawaida tu, na mstari uliopendeza kwenye kompyuta ulitoka huko umekatikakatika. Siku moja fundi akapanda ngazi kumweleza. “Dada, mtambo wangu hauvioni hivyo vitu vyako. Vinenepeshe kidogo.” Mama Uzi hakugeuka. “Basi upeleke kwa daktari wa macho.” Chumba kizima kikaangua kicheko. Fundi akashuka zake.

Linalofuata ametuamuru tuliandike. Mimi ni msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, meza yangu iko jirani na yake, na nilipomsomea rasimu ya maneno haya aliniuliza mbona hilo halimo. “Liweke,” alisema, “au usiandike chochote.”

Tulichapa jedwali la dawa za watoto, la kubandikwa kwenye zahanati: upande mmoja uzito wa mtoto, upande wa pili kiasi cha dawa. Mistari aliipunguza yeye. Kwenye kompyuta ilikaa vizuri mno, lakini ilipotoka mtamboni, ile iliyotenganisha uzito mmoja na mwingine ilikuwa imefutika karibu yote. Kazi ilikuwa ya haraka, ikapita hivyohivyo. Haukupita muda, muuguzi mmoja akaingia na karatasi ile mkononi. Jicho la mwenzake lilikuwa limeteleza, likasoma kipimo cha mtoto mkubwa zaidi. Mtoto aliyepewa dawa alikuwa wodini, amelala tu, anaitwa haitiki. Muuguzi hakupiga kelele. Aliitandaza karatasi juu ya meza akauliza, “Hapa mtu anafuata wapi?”

Mama Uzi alichukua mkoba wake akaongozana naye. Wodini alimkuta mama wa mtoto kwenye benchi, akamwambia waziwazi kwamba ile karatasi aliipanga yeye. Mama yule alisogea kidogo tu, akampisha akae. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka mtoto alipofumbua macho na kuomba maji. Alipona, tunashukuru. Lakini Mama Uzi tuliyemjua, yule wa kutucheka, hakurudi tena kutoka wodini.

Alirudi mwingine, na hakupitia kwanza chumbani kwetu. Alishuka moja kwa moja kwa fundi, akasimama mlangoni. “Kaka, nifundishe mtambo wako unaona nini.”

Wakaanza kuchapa majaribio, mistari ya kila unene kwenye kila aina ya karatasi. Waliyabandika ukutani, wakazima taa moja ili chumba kiwe na mwanga hafifu kama wa zahanati nyingi, wakarudi nyuma na kutazama. Utaratibu tunaoutumia mpaka leo ulitoka humo: mstari wa juu na wa chini unenepe kiasi cha kushika jicho, ile ya katikati iwe myembamba lakini isife mtamboni, ya kusimama iondolewe, nafasi tupu ifanye kazi hiyo. Majedwali ya dawa yakachapwa upya. Mama Uzi aliyapeleka mwenyewe, zahanati moja baada ya nyingine, na yale ya zamani akayabandua ukutani kwa mkono wake.

Tuseme ukweli, majaribio yale yalichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila tukimtafuta yuko chini, wino mpaka viwikoni, wanabishana kuhusu nusu pointi ya unene wa mstari. Kisha wakaanza kula mchana pamoja. Mwaka uliofuata tukacheza harusini kwao mpaka viatu vikatuvuka.

Fundi alistaafu mapema kwa sababu ya kifua. Mpango ulikuwa mkewe amfuate mwaka uleule. Uongozi ukamwomba abaki amalizie kitabu kikubwa cha takwimu, majedwali matupu mwanzo mpaka mwisho. Akamwuliza mumewe. “Kimalize, mke wangu,” fundi akamwambia. “Mimi niko hapahapa, naenda wapi?” Akajenga kibaraza nyuma ya nyumba, akaweka viti viwili. Kila mchana alipiga simu kuuliza wamefika jedwali gani, na sote tulimsikia Mama Uzi akimdanganya kwamba wamekaribia.

Fundi alifariki mwezi Machi. Kitabu kilikuwa kimebakiza sura moja.

Ratiba ya mazishi tulitaka kuipanga sisi. Alikataa, akaja ofisini na kanga yake kichwani, akaketi. Ilikuwa jedwali dogo tu: saa, tukio, mhusika. Aliunenepesha mstari wa juu, akaupunguza, akaunenepesha tena. Sisi tulisimama nyuma yake. Mwishowe akaondoa mikono. “Leo sijui,” akaniambia. “Sijui uwe mnene kiasi gani. Nimalizie, mwenzangu.” Nilikaa kwenye kiti chake nikaimalizia, naye amenishika bega.

Baada ya matanga alirudi akaikamilisha ile sura iliyobaki. Hatukumsikia akilalamika. Mara moja tu, tukifunga madirisha, alisema kama anayejisemesha, “Angenisubiri kidogo tu, jamani.”

Mama Uzi, asante kwa kila ukurasa. Asante kwa watu waliopata dawa sahihi na hawatajua kamwe kuna aliyewafikiria. Tunakuombea afya na usingizi mtulivu, na siku zisizokulemea.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani, alisema hataki kitu. Anachoomba ni tusiende kumtembelea wote siku moja, tukajaza nyumba, tukacheka, kisha tukamwacha na ukimya wa wiki nzima. “Gawaneni,” alisema. “Jioni ndiyo ndefu.” Basi tumegawana. Jumatatu ni mimi, Jumatano ni mwenzetu anayepanga majalada na mkewe, Ijumaa vijana wa mtamboni. Chai utatia wewe, Mama Uzi. Sukari tunakuja nayo.